Tup! Mlio wa swichi na historia yake katika delta ya Rufiji

Ukikaa Kibiti, Bungu, Nyamisati au kijiji chochote cha Pwani, kuna mlio mmoja unaujua vizuri hata kama hujawahi kuupa jina. Alfajiri kabla ya adhana, spika ya msikiti inasema "tup!", inafuata kimya fupi, ndipo muadhini anaanza. Jioni kwenye banda la video amplifaya inawashwa, spika zinapiga "bup!" na watoto wanajua picha inakaribia. Usiku wa ngoma, mtu akichomoa waya bila kupunguza sauti, kishindo kinatoka hapo ambacho kinaamsha hadi bata wa jirani.

Wengi wetu tunauhesabu mlio huo kuwa ubovu. "Hii redio imechoka," tunasema, na safari ya kwa fundi inaanza. Lakini mlio huo una ukoo mrefu. Ndiyo sauti ya kwanza kabisa ya redio: kabla redio haijajua kuongea wala kuimba, ilijua kusema "tup" tu. Na mwaka 1915, ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji, milio ya aina hiyo ilichangia kuamua vita ya majini. Mtu mmoja aliendelea kuipiga huku ndege aliyopanda ikishuka bila injini kuelekea mtoni.

Makala hii inafuata safari ya mlio huo. Kwanza ulikuwa ujumbe, kisha ukawa kero, kisha ukapotea kidogo, halafu transista ikaurudisha.

Tup ni nini hasa?

Chukua mtumbwi uliotulia kwenye maji ya kupwa. Ukiusukuma taratibu, maji karibu hayana habari. Ukidondosha jiwe, mawimbi yanaondoka pande zote, makubwa na madogo kwa pamoja. Tofauti iko kwenye ghafla. Kitu kinachobadilika polepole hakisumbui jirani, kinachobadilika ghafla kinamgusa kila mtu.

Umeme nao uko hivyo hivyo. Ukibonyeza swichi, mkondo unatoka sifuri na kuruka juu kwa muda mfupi sana. Mtaalamu wa hesabu wa Ufaransa, Joseph Fourier, alieleza mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba umbo lolote unaweza kulijenga kwa kujumlisha mawimbi mengi ya kasi tofauti. Kadiri umbo linavyokuwa kali, yaani lina kona na mruko, ndivyo linavyohitaji mawimbi mengi zaidi. Kwa hiyo "tup" moja si sauti moja. Ni umati wa mawimbi, mazito na membamba, yanayozaliwa kwa mpigo mmoja.

Umati huo una njia mbili za kutokea. Mawimbi mengine yanapita ndani ya waya hadi kwenye spika, yanaisukuma, na sisi tunasikia kishindo. Mengine yanarukia hewani kama mawimbi ya redio, na yanaweza kupokelewa na chombo kingine kilichoko mbali bila waya wowote. Tuwaite mapacha, maana mama yao ni swichi moja. Historia ya redio ilianza na yule pacha wa hewani.

Enzi ambayo tup ilikuwa ndiyo redio

Kati ya 1886 na 1888, huko Karlsruhe Ujerumani, Heinrich Hertz alirusha cheche ndogo ya umeme kati ya vichwa viwili vya chuma. Upande wa pili wa chumba alikuwa na pete ya waya yenye mwanya mwembamba. Kila cheche ilipolia upande huu, cheche ndogo sana ilionekana kwenye mwanya wa pete. Hakukuwa na waya kati yao. Mlio wa swichi ulikuwa umevuka chumba kupitia hewani.

Mwaka 1895 Alexander Popov wa Urusi alionyesha chombo kilichosikia radi kutoka mbali, kwa sababu radi nayo ni cheche, tena kubwa kuliko zote. Jaribio lake bado linafanyika Rufiji kila masika, ila hakuna anayeliita jaribio. Mkulima amekaa kwenye dungu analinda mpunga, redio yake iko masafa ya kati, wingu linamulika upande wa Mafia na redio inasema "krrr" hata kabla ngurumo haijafika. Mwanga na mawimbi ya redio vinasafiri kwa kasi moja, ngurumo inakuja baadaye kwa miguu.

Guglielmo Marconi na wenzake wakaigeuza cheche kuwa biashara. Mitambo yao ilitoa cheche nyingi mfululizo, na opereta alikuwa akibonyeza kitufe kwa muda mfupi au mrefu ili kuandika herufi za Morse. Kwenye visikizio mtu alisikia mvumo, lakini mvumo huo ulikuwa "tup" nyingi zilizofuatana haraka kiasi kwamba sikio halikuweza kuzihesabu. Kazi nzima ya redio wakati huo ilikuwa kuwasha na kuzima.

Wajerumani walileta mitambo ya namna hii Afrika Mashariki. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia walikuwa na vituo vya simu ya upepo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Waingereza walijua umuhimu wake: tarehe 8 Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kuanza, manowari yao HMS Astraea ilishambulia kituo cha Dar es Salaam kwa mizinga.

Meli ndani ya mikoko

Wakati huo manowari ya Kijerumani SMS Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, ilikuwa baharini. Tarehe 20 Septemba 1914 iliivizia HMS Pegasus bandarini Zanzibar na kuizamisha. Baada ya hapo ikajificha kwenye delta ya Rufiji, ikaingia mkondoni hadi Salale. Ukiijua delta utaelewa kwa nini: midomo ni mingi, mikondo inapindapinda, mikoko ni mirefu, na mgeni asiyejua kujaa na kupwa kwa maji atakwama kwenye tope kabla ya saa sita mchana.

Kwenye mchezo huo redio haikuwa ya kuchezea. Cheche haichagui msikilizaji, ukibonyeza kitufe kila mwenye chombo anakusikia, rafiki na adui. Lakini Königsberg haikuumbuliwa na kelele zake. Iliumbuliwa na karatasi. Waingereza walikuta kwenye meli Präsident, huko Lindi, nyaraka zilizoonyesha makaa ya mawe yakipelekwa Salale, na tarehe 30 Oktoba manowari HMS Chatham ikaiona delta kwake.

Kuiona ikawa jambo moja, kuipiga jambo jingine. Manowari kubwa za Kiingereza hazikuweza kuingia kwenye maji mafupi. Walizamisha meli ya makaa, Newbridge, katika mkondo mmoja ili kuziba njia, kisha wakasubiri. Januari 1915 waliteka kisiwa cha Mafia, na baadaye wakaweka huko uwanja wa ndege. Juni zikafika HMS Severn na HMS Mersey, meli zenye tumbo bapa zilizovutwa kwa kamba kutoka Malta, ambazo ziliweza kuelea kwenye maji ya delta.

Bado kulikuwa na tatizo. Severn na Mersey zingefyatua kutoka kilomita kadhaa, na katikati kulikuwa na ukuta wa mikoko. Wapiga mizinga hawakuiona meli waliyokuwa wanailenga. Jicho lao likawa ndege iliyotoka Mafia, na mdomo wa jicho hilo ukawa mtambo mdogo wa simu ya upepo. Mwangalizi aliyekaa kwenye ndege aliona kombora limetua wapi, akabonyeza kitufe: limepita, limepungua, kushoto, kulia. Opereta kwenye meli aliyasikia hayo masikioni, akampa ofisa wa mizinga, mizinga ikasogezwa kidogo.

Tarehe 6 Julai walijaribu mara ya kwanza na mambo yakaenda vibaya. Severn na Mersey zilipofyatua pamoja, mtu aliye juu hakuweza kujua kombora hili ni la nani. Masahihisho yakachanganyika, Mersey ikapigwa na Königsberg, Waingereza wakarudi nyuma. Kwa lugha yetu ya leo tungesema ujumbe ulizama kwenye kelele. Cheche zilifika vizuri, lakini hazikuweza kusema zinamhusu nani.

Tarehe 11 Julai 1915 walirudi na utaratibu mwingine: meli moja ifyatue kwa wakati mmoja. Juu yao alikuwa rubani John Cull na mwangalizi Harwood Arnold. Makombora ya Severn yalipoanza kusogelea shabaha, ndege yao ilipigwa na injini ikaharibika. Hapo watu wengi wangeacha kila kitu na kushika kamba. Cull akaanza kuishusha ndege taratibu kuelekea mtoni, na Arnold akaendelea kubonyeza kitufe. Alituma taarifa kwamba wamepigwa na wanahitaji mashua, halafu akaendelea kutuma masahihisho ya mizinga huku maji yakiwasogelea. Ndege ilianguka mtoni karibu na Mersey ikapinduka. Wote wawili waliokolewa.

Masahihisho yale yalifika. Königsberg ikapigwa mfululizo, ikashika moto, Looff mwenyewe akajeruhiwa, na mwishowe Wajerumani wakaitoboa wenyewe ikakaa chini kwenye tope la Rufiji. Mizinga yake 10 ikaopolewa baadaye, ikakokotwa nchi kavu na kutumika katika vita vilivyoendelea hadi 1918. Vita hivyo viliwatafuna wapagazi wa Kiafrika kwa maelfu, watu ambao hakuna simu ya upepo iliyowahi kuwaitia mashua.

Siku ile katika delta, ufundi wote wa redio ulikuwa kidole kimoja na swichi moja.

Mlio unageuka kero

Sasa mbona tup ikaacha kuheshimiwa? Sababu ni ile ile iliyoipa nguvu. Kwa kuwa ni umati wa mawimbi, inajaza masafa mengi kwa pamoja. Mtambo mmoja wa cheche ukilia, majirani wote wanafunikwa. Ni kama mtu mmoja anayeingia kwenye daladala na kuongea na simu kwa sauti ya kuhutubia. Meli zilipokuwa chache ilivumilika. Vilipokuja vituo vya utangazaji vyenye sauti za watu na muziki, haikuvumilika tena. Mkutano wa kimataifa wa redio uliofanyika Washington mwaka 1927 ukaamua kuibana mitambo ya cheche, na polepole ikaondoka. Kilichokuwa ujumbe kikaitwa uchafuzi.

Redio zilizofuata zilitumia vali, ile mirija ya kioo inayowaka kwa ndani kama taa hafifu. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, redio za namna hiyo ndizo zilizokuwa sebuleni mwa wachache wenye uwezo. Ukizungusha kitufe, redio haikusema kitu. Vali zilihitaji kama nusu dakika kupata moto, na mkondo ulipanda polepole. Sauti ilikuja kama mtu anayetembea kutoka mbali. Tena kati ya vali na spika palikuwa na transfoma, kifaa kisichopitisha mkondo uliotulia bali mabadiliko tu. Spika haikupata sababu ya kushtuka.

Transista inaurudisha

Transista ilizaliwa Desemba 1947 katika maabara za Bell, Marekani. Haihitaji kupashwa moto, ukiipa umeme inafanya kazi papo hapo. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, Regency TR-1, ilitoka mwaka 1954, na ndani ya miaka michache redio ikawa kitu cha kubeba begani, cha kupeleka shambani na kwenye dago la wavuvi. Mtu wa delta hakuhitaji waya wa umeme ili asikie habari. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya takribani watu milioni 2 nchini kote katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana kuhusu malaria, maji safi na vyoo. Bila betri na transista jambo hilo lisingewezekana.

Pamoja na neema hiyo, kishindo kikarudi. Kimejificha kwenye hesabu ndogo, tuifanye pamoja.

Watengenezaji waliondoa ile transfoma ya spika kwa sababu ni nzito na ni ghali. Badala yake waliweka transista mbili zinazopokezana, moja inavuta na nyingine inasukuma. Kwenye amplifaya inayotumia betri ya gari ya volti 12, sehemu ya katikati ya transista hizo inapumzika kwenye nusu, yaani volti 6. Volti 6 hizo zikiifikia spika moja kwa moja zitaipasha moto bure. Kwa hiyo katikati panawekwa kapasita, inayozuia umeme uliotulia na kupitisha muziki.

Tatizo ni kwamba kapasita ikiwa tupu inabidi ijazwe kwanza, na njia pekee ya kuijaza ni kupitia spika. Ni kama maji kujaa: mkondo lazima upite mdomoni ndipo uingie ndani ya mto. Kapasita ya mikrofaradi 1000 na spika ya omu 8 zinatoa milisekunde 8, ukizizidisha. Baada ya muda kama huo mara nne au tano, kapasita imejaa. Mwanzoni kabisa spika inaweza kupata hadi volti 6 kwa omu 8, yaani robo tatu ya ampea, kwa mkupuo. Karatasi ya spika inarushwa mbele halafu inarudi. Hiyo ndiyo "bup". Ukizima, ni maji kupwa: kapasita inajimwaga kupitia njia ile ile, na transista zikiwa zinapoteza nguvu bila mpangilio unaweza kusikia mkwaruzo au mluzi mfupi pia.

Ukishaelewa hilo, mlio unageuka kuwa mganga. Betri zikiwa mpya, nusu ya volti ni kubwa na kishindo kina nguvu. Zikichoka, kishindo kinakuwa hafifu. Ndiyo maana mzee mwenye uzoefu akiwasha redio tu, kabla mtangazaji hajasema neno, anajua kama leo betri zinatakiwa kuanikwa juani. Zikichoka zaidi redio inaanza kusema "put-put-put" kama boti yenye injini inayotoka Nyamisati. Betri iliyochoka inashindwa kushikilia volti, sauti ikipanda volti inashuka, sauti inakatika, volti inapanda tena, na mduara unaendelea. Cha kuchekesha ni kwamba hata wahandisi wa Kizungu wameupa ugonjwa huo jina la boti ya injini.

Kuufuga mlio

Kwenye redio ndogo kishindo hakina madhara. Kwenye mziki mnene ni habari nyingine. Amplifaya nyingi kubwa hazina kapasita ya kutolea sauti kabisa, spika imeungwa moja kwa moja na transista. Transista ikiungua, umeme uliotulia unamiminika kwenye koili ya spika na kuichoma. Na mtu wa Kibiti aliyekopa ili anunue spika za kukodisha kwenye harusi haoni tena suala la fizikia hapo, anaona marejesho ya mkopo.

Ndiyo maana amplifaya nzuri ina rilei, swichi inayoendeshwa na umeme. Ukiwasha, rilei inasubiri sekunde chache hadi kila kitu kitulie, ndipo inaiunganisha spika. Ule mlio mdogo wa "tk" unaousikia baada ya kuwasha ni mlinzi anafungua geti. Ukiona fundi ameiruka rilei kwa waya ili "isisumbue", ujue amemfukuza mlinzi.

Asiye na rilei anatumia utaratibu, ambao haugharimu hata shilingi. Amplifaya iwe ya mwisho kuamka na ya kwanza kulala. Washa kwanza simu, mikrofoni na mixer, hakikisha sauti iko chini, ndipo uwashe amplifaya. Ukifunga kazi, zima amplifaya kwanza. Ukifanya kinyume, tup ndogo ya mixer inaingia kwenye amplifaya iliyo macho, inakuzwa mara nyingi na kutoka ikiwa kishindo cha kupasua spika.

Spika ndogo za siku hizi zenye Bluetooth zimekwenda mbali zaidi. Zinajinyamazisha zenyewe zinapowashwa, halafu zinakukaribisha kwa kengele au kwa sauti ya mtu. Kishindo kimezibwa na pale pale pamewekwa salamu.

Pacha wa hewani naye hajafa. Amebaki kwenye cheche ya plagi ya bodaboda, kwenye swichi ya taa, kwenye chaja ya bei rahisi na kwenye kifaa cha sola kinachokata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Kadiri umeme unavyosambaa, kwa paneli za sola mikondoni na kwa bwawa la Julius Nyerere la megawati 2115 lililojengwa juu kwenye mto huo huo wa Rufiji, ndivyo hewa ya delta inavyozidi kujaa tup ndogondogo.

Kama unataka kumsikia, huhitaji maabara. Chukua redio yenye masafa ya kati, iweke katikati ya vituo viwili ambapo pana mvumo tu. Shika karibu nayo kiberiti cha gesi cha kubofya, kile kinachowaka kwa cheche bila jiwe. Bofya. Redio itasema "tup", na hakuna waya wowote kati ya kiberiti na redio. Sogeza hatua moja nyuma, bofya tena, uone inafika umbali gani.